Mgonjwa wa OPD anayepigwa nyumbani: tunamtambuaje kabla hajaletwa na machela?

Tabibu_wa_Kata (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya. Siku nyingi niko chumba cha wagonjwa wa nje, siku nyingine nasaidia kliniki ya mama na mtoto. Uzi huu ni wa wahudumu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, ila pia ni wa yeyote mwenye dada, binti au jirani. Ni mrefu, mniwie radhi.

Mwanamke anayepigwa nyumbani hupita mbele yetu muda mrefu kabla hajafika polisi, na mara nyingi kabla hata mama yake mzazi hajajua. Haji na jicho lililovimba. Anakuja na kichwa, mgongo, tumbo chini ya kitovu, UTI isiyoisha, mapigo ya moyo kwenda mbio, usingizi uliopotea. Tunampima mkojo na malaria, tunampa dawa ya maumivu, anaondoka. Baada ya wiki chache karudi na malalamiko yale yale. Sisi tumezoea kutafuta jeraha, na jeraha ndiyo alama inayochelewa kuliko zote.

Hili wenzetu walishalipima. Mwaka 1995 watafiti wa Baltimore, Marekani, walitoa matokeo ya wanawake 1,952 waliofika kliniki za kawaida kwa shida za kawaida. Asilimia 5.5 walikuwa wamefanyiwa ukatili ndani ya mwaka uliopita, na karibu mmoja kati ya watano aliwahi kufanyiwa tangu awe mtu mzima. Waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wenye umri chini ya miaka 35, waliotengana na waume au wasioolewa, wasio na bima ya maana, wenye sonona na wasiwasi, waliowahi kujaribu kujiua, na wale ambao mwenza wao alitumia pombe au dawa za kulevya. Halafu kuna hili lililonigusa: walikuwa na malalamiko mengi ya mwili kuliko wenzao, mengi yasiyo na ugonjwa unaoonekana maabara. Yule tunayemwita "mama wa kulalamika" ndiye tunayepaswa kumuuliza kwanza.

London mashariki, eneo la Hackney, utafiti wa mwaka 2002 kwenye kliniki 13 za madaktari wa familia ulikuta asilimia 41 ya wanawake waliwahi kupigwa na mwenza au aliyekuwa mwenza, na asilimia 17 ndani ya mwaka mmoja. Aliyekuwa mjamzito mwaka huo alikuwa kwenye hatari takriban mara mbili. Wengi wetu tunaamini mimba inamlinda mwanamke. Si kweli kwa kila nyumba.

Kwetu je? Shirika la Afya Duniani lilipofanya utafiti wake wa nchi nyingi, Tanzania ilishiriki kwa Dar es Salaam na Mbeya. Wanawake waliowahi kuwa na mwenza na kufanyiwa ukatili wa mwili au wa kingono na mwenza huyo walikuwa asilimia 41 Dar na asilimia 56 Mbeya. Moshi, utafiti wa wajawazito uliotoka 2017 ulikuta takriban asilimia 30 wamefanyiwa ukatili wakiwa na mimba ile ile, na waliopigwa walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kujifungua njiti au mtoto mwenye uzito pungufu. Ukiwa na foleni ya wajawazito kumi kwenye benchi, fanya hesabu mwenyewe.

Sasa nani yuko hatarini zaidi? Aliyekulia nyumba ambayo mama alipigwa, au yeye mwenyewe alipigwa sana utotoni. Aliyeolewa mdogo na mwanaume aliyemzidi umri kwa mbali. Asiye na kipato chake, na pia, jambo linalowashangaza wengi, aliyeanza kupata kipato katika nyumba ambayo mume anaona heshima yake imeguswa. Mwenza mlevi. Mwenza mwenye wanawake wengi. Aliyegundulika na VVU: pale Dar es Salaam, kwenye kituo cha ushauri nasaha na upimaji, utafiti wa 2002 ulionyesha kwamba kwa wanawake wa miaka 18 hadi 29, wenye maambukizi walikuwa na uwezekano mara 10 zaidi wa kueleza kuwa wamefanyiwa ukatili na mwenza.

Lakini kama nina nafasi ya kuuliza swali moja tu, siulizi pombe wala kipato. Nauliza juu ya kubanwa. Nani anashika simu yako? Ukitaka kwenda kwa mama yako unaomba ruhusa? Nauli ya kuja hapa nani kakupa, na utatakiwa umweleze nini ukirudi? Mwanaume anayemtawala mke kwa saa, kwa nauli na kwa simu, huyo ndiye ninayemwogopa hata kama hajawahi kuinua mkono.

Naomba michango, hasa ya manesi na wa ustawi wa jamii.

---

Msukuma_Halisi

Mkuu, heshima yako. Ila mimi naona mnazunguka mbuyu. Tatizo ni pombe na njaa. Mtu hana hela, kapiga gongo, kafika nyumbani hakuna chakula, hapo unategemea nini? Ondoa hivyo viwili uone kama kutakuwa na vipigo.

---

Tabibu_wa_Kata

Ndugu yangu, pombe ipo na siikwepi. Inaongeza mara za kupiga na inaongeza ukubwa wa jeraha, kila utafiti ninaoujua unasema hivyo. Kwa mwenye mume mlevi naandika kabisa na kuweka alama.

Ila nimewatibu wake za watu wasioonja hata bia. Wake za walimu, za wafanyabiashara wenye magari mawili, za viongozi wa dini. Tukiweka akilini kwamba mpigaji ni mlevi maskini, basi mke wa mtu mwenye heshima zake akija na mkono uliovunjika tunamwamini moja kwa moja kwamba kateleza bafuni.

Tena kuna jambo la imani. Takwimu za kitaifa za afya ya uzazi za 2015-16 zilionyesha asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume wanakubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kumwambia, kutowajali watoto, kumnyima unyumba. Tazama hizo sababu. Njaa haimo. Pombe haimo. Na waliokubali zaidi ni wanawake, kwa sababu wao ndio walioambiwa tangu unyagoni, "vumilia, ndoa ndivyo zilivyo."

---

Mama_Wawili

Nimesoma nikanyamaza kwa muda. Naomba niandike.

Mimi nilikuwa huyo wa kichwa na presha. Niliandikiwa dawa nyingi sana. Mume alinisindikiza kila mara, anakaa kiti cha pembeni, daktari akiniuliza anajibu yeye. Watu walikuwa wanasema nimepata mume anayejali.

Hakuna aliyewahi kuniambia "mama, subiri, baba atoke kidogo." Hakuna. Na mimi nisingesema mbele yake.

Siku nilipoumia kweli nikafika peke yangu, mapokezi wakaniambia nikachukue PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Polisi ni mbali, damu inatoka, na hapo polisi yupo anayefahamiana na mume wangu. Nikarudi nyumbani. Wahudumu mlioko humu, naomba mlijue hilo.

---

Nesi_Kliniki

Pole sana dada yangu. Pole. Na asante kwa kuandika.

Nizungumzie hilo la mume kukaa chumbani, maana kwetu kliniki ya wajawazito ndipo linapouma. Tunahimiza mama aje na mwenza hudhurio la kwanza, wote wapime VVU, ni jambo jema. Kuna sehemu mama akija peke yake anaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Matokeo yake mwanaume anakuwepo kuanzia mlangoni hadi dirisha la dawa, na mama hana dakika moja ya kuwa na nesi.

Tunachofanya sisi: hatumwambii baba "toka." Tunasema, "Mama, twende utoe mkojo." Choo kipo nyuma, njiani tuko wawili. Au chumba cha kupima kimo cha mimba na kusikiliza mapigo ya mtoto, pazia linafungwa, baba anasubiri benchi kama wanavyosubiri wababa wote. Ni utaratibu wa kila mama, kwa hiyo hakuna anayehisi kwamba kalengwa yeye. Hapo ndipo tunauliza.

Na tunauliza kwa kutanguliza neno: "Siku hizi tunawauliza akina mama wote, maana tumeona mambo ya nyumbani yanaleta presha na mimba kuharibika. Nyumbani kuna mtu anayekutisha au kukuumiza?" Wengine wanasema hapana. Mwezi wa pili hapana. Mwezi wa tatu analia kabla hujamaliza swali.

Tafadhali sana wenzangu: msiandike "amepigwa na mume" kwenye kadi ya kliniki. Ile kadi inalala nyumbani na baba anaisoma. Andika kwenye rejesta ya kituo, funga kabati.

---

Tabibu_wa_Kata

Dada Mama_Wawili, pole kwa yote. Ulichoeleza kinatuhusu sisi wote wenye koti jeupe.

Kuhusu PF3 niseme wazi. Fomu ile ni ya ushahidi na ni muhimu kesi ikifika mahakamani. Lakini damu inayotoka haisubiri karatasi. Mhudumu anazuia damu, anashona, anatuliza maumivu, ndipo mambo ya fomu yanafuata. Kwa aliyebakwa ni zaidi: dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, kadiri mapema ndivyo bora, na za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Ukimzungusha polisi siku mbili umemwibia muda huo. Kwenye hospitali zenye kituo cha mkono kwa mkono, tabibu, polisi wa dawati la jinsia na afisa ustawi wanapatikana sehemu moja, mgonjwa hazungushwi. Shida ni kwamba vituo hivyo ni vya mjini zaidi, kata nyingi havipo.

Nesi, njia yako ya mkojo naiiba kuanzia kesho.

---

Kaka_wa_Tabata

Na wanaume je? Mbona uzi mzima ni mama, mama? Nina rafiki anamwagiwa maji ya moto na mkewe, akienda hospitali wanamcheka.

---

Tabibu_wa_Kata

Kaka, rafiki yako ana haki ile ile ya kuulizwa akiwa peke yake na ya kuandikiwa PF3. Anayemcheka mgonjwa kakosea kazi, na maji ya moto ni shambulio, mpigaji awe nani.

Nimewaweka wanawake mbele kwa sababu ya ukubwa wa madhara. Uchambuzi wa takwimu za mauaji za nchi nyingi uliotoka 2013 ulikuta takriban asilimia 38 ya wanawake wanaouawa huuawa na mwenza au aliyekuwa mwenza. Kwa wanaume wanaouawa ni takriban asilimia 6. Kazi yangu kituoni ni kupanga nani aonwe haraka, na hizo namba zinanipa mpangilio. Hazimfuti rafiki yako.

Na hapo niingie kwenye jambo ambalo ningependa kila tabibu alishike kuliko yote niliyoandika: kukabwa koo.

Mwanamke akikwambia "alinikaba," usiandike kama vile kapigwa kofi. Jacquelyn Campbell, nesi mtafiti wa Marekani aliyetengeneza dodoso la kupima hatari ya kuuawa, pamoja na wenzake walionyesha kwamba aliyewahi kukabwa na mwenza ana uwezekano zaidi ya mara 6 wa kuja kushambuliwa kwa lengo la kuuawa. Tena shingo hudanganya. San Diego walipitia mashauri 300 ya kukabwa, nusu hayakuwa na alama yoyote inayoonekana kwa macho. Na sisi tuna ngozi nyeusi, wekundu hauonekani kirahisi.

Kwa hiyo usitegemee alama. Muulize: sauti imebadilika? Kumeza kunauma? Ulizimia hata kidogo, au macho kuingia giza? Ulijikojolea? Mtazame ndani ya kope na weupe wa jicho kama kuna vidoadoa vyekundu. Msikilize anavyohema. Mishipa mikubwa ya shingo ikichubuka kwa ndani, damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi baada ya saa au siku kadhaa, kwa msichana wa miaka 24 asiye na presha. Akiwa na dalili yoyote kati ya hizo, au akiwa mjamzito, hapaswi kurudishwa nyumbani na panadol. Mpe rufaa.

Alama nyingine zinazonifanya niache foleni isubiri: ametishiwa kwa panga, kisu au bunduki, vipigo vimeongezeka miezi ya karibuni, alimpiga akiwa na mimba, anamlazimisha tendo, anasema "nitakuua kisha nijiue", ana mtoto wa baba mwingine nyumbani. Na hii ya mwisho watu huisahau: ameondoka, au amesema anataka kuondoka. Tunamwambia mwanamke "si umwache tu," kumbe siku anapofunga mizigo ndiyo siku mwanaume anaona ameshindwa kabisa. Kuondoka kunahitaji kupangwa.

---

Mwanasheria_Mdogo

Niongeze la sheria kwa ufupi, Tanzania Bara. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Kwa hiyo "mke wangu namrudi" haina msingi wowote, imeandikwa zaidi ya miaka 50 sasa. Makosa ya kushambulia na kujeruhi yako kwenye Kanuni ya Adhabu.

Pengo letu ni mawili. Hatuna sheria moja mahsusi ya ukatili wa majumbani. Na kosa la kubaka halimgusi mume isipokuwa kama wametengana. Mhudumu ukimwandikisha mama kwamba mume anamlazimisha, andika madhara ya mwili kwa ukamilifu, maana shauri litasimama kwenye hayo.

---

Likoni_Ferry

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu tuna Sheria ya Kulinda dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, unaweza kwenda kortini ukaomba amri ya ulinzi, mtu akazuiwa kukukaribia. Na kuna simu ya bure 1195. Lakini nawaambia ukweli, sheria ipo na bado takwimu za kitaifa za afya za Kenya (KDHS) za 2022 zasema asilimia 34 ya wanawake wamepitia ukatili wa mwili tangu wafike miaka 15. Mama wa kijijini hajui korti iko wapi. Ajuaye ni nesi wa dispensari. Kwa hiyo mleta mada nakuunga mkono, mlango ni huko.

---

CHW_Ilemela

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, napita nyumba kwa nyumba. Kisababishi kimoja hamjakitaja: kausha damu. Mama kachukua mkopo wa riba ya kila wiki, mara nyingi kwa siri, pengine kwa shida ya mtoto kuugua. Marejesho yakishindikana wanakuja kuchukua godoro na sufuria, mume ndipo anapojua. Usiku huo hakuna amani. Jumatatu tunamkuta zahanati anasema kaanguka.

Huku Mwanza kulikuwa na utafiti wa MAISHA, wanawake wa vikundi vya mikopo wakapewa mafunzo ya mahusiano na ukatili. Matokeo yalitoka 2019: waliopata mafunzo pamoja na mkopo walipigwa kidogo kuliko waliopata mkopo peke yake. Ila ukatili wa kingono haukupungua kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo hela peke yake haimlindi mtu, wale wanaogawa mikopo tu na kuondoka wafahamu hilo.

---

Msukuma_Halisi

Nimesoma yote. Hilo la kukabwa sikulijua. Swali langu: mkishamuuliza akasema ndiyo, halafu? Zahanati haina afisa ustawi, polisi ni kilomita 30, ndugu wa mume ndio majirani. Si mnafungua kidonda mnakiacha wazi?

---

Tabibu_wa_Kata

Umeuliza swali zito, ndugu yangu. Shirika la Afya Duniani lenyewe, kwenye mwongozo wake wa 2013, halipendekezi kila mgonjwa ahojiwe kwa dodoso. Linapendekeza tumuulize mwenye dalili na vihatarishi, mahali pa faragha, na mhudumu awe anajua la kufanya baada ya jibu. Mume akiwemo chumbani, usiulize. Huna faragha, usiulize leo, panga siku nyingine.

Akisema ndiyo, kazi ya kwanza ni kusikiliza bila kumkatiza na kumwambia maneno mawili: nakuamini, na hustahili. Usimuulize "ulimfanya nini?" Usimwite mume kuwasuluhisha. Hili natia mkazo, maana wazee wetu wa busara hulikimbilia: ukimwita mume umemwambia kwamba mke kasema, na jioni wanarudi nyumba moja.

Kazi ya pili ni kupima hatari kwa zile alama nilizotaja. Kuna maswali manne mafupi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kliniki za familia Marekani mwaka 1998: mwenza wako ni mara ngapi anakuumiza mwili, anakutukana au kukudhalilisha, anakutishia kukuumiza, anakufokea au kukulaani? Kila swali alama 1 (hajawahi) hadi 5 (kila mara), na jumla ikizidi 10 ni tahadhari. Ni mazuri kuanzia, ila hayagusi simu, nauli wala kukabwa, hayo uyaongeze wewe.

Kazi ya tatu ni mpango, hata kama leo anarudi kwake. Na wengi wanarudi, tusiwakasirikie. Nani jirani anayeweza kukimbiliwa usiku, asiye ndugu wa mume? Watoto wakisikia kelele waende wapi? Kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, kadi ya CTC (kliniki ya VVU) kama anatumia dawa, nauli kidogo: viwekwe kwa mtu anayeaminika. Namba ya dawati la jinsia aikariri, asiihifadhi kwenye simu inayokaguliwa. Na umpe tarehe ya kurudi yenye sababu ya kitabibu ambayo mume hawezi kuipinga: kupima presha tena, kurudia mkojo.

Kuhusu umbali: afisa ustawi wa halmashauri ana simu. Piga wewe, kwa simu ya kituo, mama akiwa amekaa hapo na amekubali. Akikataa, heshimu, isipokuwa mtoto naye anaumizwa. Hapo namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116 na huna hiari ya kunyamaza.

---

Nesi_Kliniki

Tabibu, ongeza na hili: yale majibu unayaandika kwa namna gani? Wapya wetu wanaandika "mgonjwa anadai."

---

Tabibu_wa_Kata

"Anadai" wasiitumie, wakili wa mume ataishika hiyo. Waandike maneno yake kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu, na jina la aliyetajwa. Kisha wachore umbo la mwili mbele na nyuma, kila jeraha lionyeshwe lilipo, urefu kwa sentimita, rangi, na kama linaonekana jipya au la zamani. Tarehe, saa, sahihi. Kesho nitabandika hapa mfano wa ukurasa tunaoutumia, bila taarifa za mgonjwa yeyote, mwenye kuhitaji auchapishe.